Suruali ya Doria: Tutazame Nini Kabla ya Kununua?



Leo tunazungumza nanyi juu ya suruali. Msicheke. Kijiji kikipata mgao wake wa fedha za wanyamapori, halmashauri hukaa na kugawa: hizi za darasa, hizi za kisima, hizi za sare za askari wetu wa wanyamapori. Fedha hizo ni za kijiji kizima. Suruali ikichanika kabla masika hayajaisha, zimepotea fedha ambazo zingenunua bati au bomba. Na askari aliyelowa siku tatu mfululizo hafanyi doria. Anarudi nyumbani na homa, na tembo wanaingia shambani.

Sisi tunaosema haya tunatembea porini. Basi sikilizeni.

Watu wengi hudhani askari hulowa kwa mvua. Ni kweli, mvua inalowesha. Lakini umande unalowesha zaidi. Mwezi wa Aprili nyasi zimefika kifuani. Mnatoka saa kumi na moja alfajiri, mbingu kavu kabisa, hakuna wingu. Ikifika saa moja suruali imelowa mpaka mapajani, na maji yanateremka ndani ya buti. Hapo ngozi ya mguu inalainika, malengelenge yanatoka, na kesho yake mtu hawezi kutembea. Kwa hiyo sehemu ya kutazama kwanza si kiuno wala mifuko. Ni kuanzia goti kwenda chini.

Jinzi haifai. Ni nzito, ikilowa inakuwa nzito zaidi, na hukauka polepole. Tena inasugua msamba mpaka mtu anatembea kama bata.

Suruali ya plastiki je? Hii ni rahisi kwa bei, na maji hayapiti. Lakini jasho nalo halipiti. Ukitembea saa moja utakuta umelowa kwa ndani kuliko aliye nje kwenye mvua. Mwiba mmoja wa mgunga unaipasua. Na inapiga kelele, kwaru-kwaru, kila hatua. Jangili anasikia. Nyati naye anasikia, na huyo hana subira. Plastiki mwachieni muuza maziwa wa baiskeli.

Viko vitambaa vya kisasa vyenye utando mwembamba ndani. Cha Gore-Tex kilianza kuuzwa mwaka 1976. Utando huo una vitundu vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupita, lakini mvuke wa jasho unapita. Ni kazi ya akili, hatubishi. Ila bei yake ni kubwa, na uchafu na mafuta ya mwili vikiziba kitambaa, mvuke hautoki tena vizuri. Zinataka kufuliwa kwa uangalifu.

Kwenye lebo ya suruali hizo mara nyingine mtaona namba, tuseme 10,000. Maana yake kitambaa kilipimwa kwa safu ya maji yenye urefu wa milimita 10,000, yaani mita 10, kabla maji hayajapenya. Yenye 1,500 inastahimili mvua ndogo. Lakini askari anapiga goti, anakaa kwenye tope, analala kifudifudi akilenga. Uzito wa mwili unasukuma maji yapenye. Kwa hiyo namba ndogo haimfai.

Kule Uingereza walinzi wa ndege na wanyama wa kuwindwa huvaa pamba iliyopakwa nta. Kampuni ya Barbour ya mji wa South Shields iko katika biashara ya nguo hizo tangu mwaka 1894. Ni nguo imara, hazipigi kelele kama plastiki. Lakini zimekusudiwa baridi ya kwao, na nyingine zina bitana nzito. Hapa kwetu utapikika.

Hata hivyo jambo lenyewe twaweza kuliiga kwa gharama ndogo, maana nta ya nyuki tunayo. Chukua suruali ya turubai jepesi au khaki nzito. Sugua nta kwenye goti na kuanzia goti kwenda chini tu. Weka gazeti kuukuu juu yake, kisha pitisha pasi ya mkaa isiyo kali mpaka nta inywewe na kitambaa. Usipake suruali nzima, kwa sababu jua la mchana litaifanya inatenate. Ukishapaka, usiifue kwa maji ya moto. Na usiote moto ukiwa umeivaa, maana nta inawaka. Nailoni nayo inayeyuka na kunata kwenye ngozi.

Rangi sasa. Mbung'o hupenda buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kumvalisha askari suruali ya buluu katika pori la mbung'o ni kumfanya mtego, na malale si ugonjwa wa mchezo. Chagueni khaki au kijani kilichofifia, na kitambaa kiwe kizito, maana chepesi mbung'o hukichoma mpaka ndani. Lakini msinunue mabaka ya kijeshi! Sheria hairuhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo. Agosti mwaka 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba watu wayasalimishe.

Mkienda mnadani kwa mitumba, msitazame nje tu. Igeuzeni suruali ndani nje. Utando ukiwa unabanduka kama ngozi ya aliyeungua, au unanata na kunuka, umekwisha. Iacheni hapo hapo. Tazameni mishono: iwe miwili, na ya kuzuia maji iwe imefunikwa kwa utepe. Goti na mbele ya mguu kuwe na kitambaa cha pili. Mwambieni atakayeivaa achuchumae na kuinua goti mpaka kifuani. Ikibana, msamba utapasuka wiki ya kwanza. Kisha ombeni maji ya kunywa, myamwage kidogo kwenye paja, mhesabu mpaka mia. Muuzaji akikataa, basi hiyo nayo ni habari.

Kama fedha ni kidogo, ushauri wetu ni huu. Kila askari apate suruali mbili za pamba iliyochanganywa na polista, zinazokauka upesi, na vipande viwili vya turubai vya kufunga kuanzia buti mpaka goti kwa ajili ya umande. Suruali ya mvua iwe moja, pana, ya kuvaa juu ya nyingine, yenye zipu pembeni ili isilazimu kuvua buti. Ikae ndani ya mkoba mpaka mvua ishuke. Wakirudi waianike kivulini kwenye kamba, si juu ya bati wala karibu na jiko, na palipotoboka pashonwe siku hiyo hiyo.