Unga wa Maua Ulio Chini ya Ardhi

Unga wa maua, uitwao chavua, huwasaidia watu kuyajua maji yaliyo chini ya ardhi.

Kusini-mashariki ya Australia iko nchi tambarare, kavu, iitwayo Bonde la Murray. Eneo lake ni kilometa za mraba 300,000 hivi. Chini yake mchanga, udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa yamelala tabaka juu ya tabaka, na mahali pengine unene wake wapata meta 600. Maji hukaa katika mchanga na chokaa, mfinyanzi huyazuia.

Basi, visima viwili vikichimbwa mbalimbali, na vyote vikafika penye mchanga mweupe, tutajuaje kama ni mchanga mmoja? Rangi haitoshi, maana mito ya kale iliacha mchanga wa namna moja katika zama nyingi. Upande wa magharibi bahari iliingia zamani, ikaacha makombe yatambulishayo umri wa mawe. Lakini mashariki, palipokuwa na mito na vinamasi, makombe hayo hayapatikani.

Hapo ndipo chavua ifaapo, kwa kuwa upepo uliipeleka kotekote, kinamasini na baharini pia. Ganda lake ni gumu ajabu: wataalamu huuyeyusha udongo kwa tindikali kali, na chavua husalia, wakaitazama kwa hadubini. Chembe 30 hivi zikipangwa mstari hutimiza milimita moja tu. Katika tabaka za kale huonekana kwa wingi chavua ya miti ya Nothofagus, ambayo baadhi ya jamaa zake leo huota katika misitu yenye mvua ya New Guinea. Katika tabaka za juu yake hupungua. Hivyo kila zama ina mchanganyiko wake, na mchanganyiko mmoja ukionekana katika visima viwili, twajua ya kuwa tabaka hizo ni za rika moja.

Lakini hadhari yatakiwa. Udongo wa juu huweza kuporomoka shimoni wakati wa kuchimba, kwa hiyo chembe moja si shahidi wa kutosha. Wala kuwa rika moja si hakika kwamba maji hupita baina yake; hayo huchunguzwa kwa kupima kimo cha maji visimani.

Wachotao katika mchanga mmoja ni kama walao sinia moja: mmoja akizidisha, mwenzake hupungukiwa. Na watu hawawezi kugawana kwa haki kabla ya kujua kwamba sinia yao ni moja.