MAJINA YALIYOANDIKWA

Masomo: Zaburi 87, Luka 2:1–5, Luka 10:17–20

 

Kila tarehe 12 Desemba nchi yetu husherehekea Sikukuu ya Jamhuri. Tarehe hiyo mwaka 1963 tulipata uhuru, na mwaka uliofuata, 1964, tukawa Jamhuri. Siku hizo za sikukuu wengi wetu wa mitaa ya Eastlands hushuka mjini pamoja na watoto. Wengine huenda kutazama gwaride, wengine kupigwa picha, wengine kutembea tu na kufurahi. Si vibaya, Mungu wetu hachukii furaha ya watoto wake. Lakini leo tungependa kuwaalika twende pamoja mpaka nyumba moja ya zamani ambayo watu wengi huipita bila kuingia.

Tukishuka kwenye matatu karibu na Ambassadeur, tunashika barabara ya Kenyatta Avenue. Njiani tunakuta sanamu za shaba za watu watatu, zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mmoja wa hao watatu ni mchukuzi wa mizigo. Sisi wa Eastlands tunalijua jambo hili kwa jina la mtaa wetu wa Kariakor, ambalo limetokana na kikosi cha wachukuzi hao. Walibeba chakula na risasi za jeshi kwa miguu, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Lakini zungukeni sanamu hizo mtafute jina la mchukuzi hata mmoja. Hamtalipata. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina yao kama wenzao wa Ulaya.

Tuendelee na safari. Mwisho wa barabara, pale inapokutana na Uhuru Highway, ipo nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1913. Zamani ilikuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, yaani P.C. Siku hizi ni jumba la maonyesho liitwalo Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Nje yake pana alama ambayo umbali wa kwenda miji mingine hupimwa kuanzia hapo. Na ndani yake, zamani, ndimo watu walimoandikishwa kuzaliwa, kuoana na kufa. Hata Wazungu wa siku hizo waliifanyia utani, wakaiita nyumba ya kuanguliwa, kuoana na kusafirishwa.

Ndugu zetu, tukiwa tumesimama ndani ya nyumba hiyo hebu tuulize: Ni nani walioandikwa? Kuandikisha watoto katika nchi hii kulianzia kwa Wazungu mwaka 1904, kukaongezwa kwa Waasia mwaka 1906. Kwa Waafrika, sheria ilianza kuwalazimu hatua kwa hatua kuanzia mwaka 1963, hata kufikia 1971 ikawa imeenea nchi nzima. Ndiyo maana ukimwuliza nyanya yako alizaliwa lini, labda atakujibu, "Mwaka wa nzige," au, "Mwaka ule wa njaa." Hakukuwa na karani aliyemngojea na kalamu.

Lakini serikali ya wakoloni haikukosa kabisa kuwaandika babu zetu. Iliwaandika katika kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyekuwa mtu mzima alitakiwa kuwa nacho: jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, bwana wake wa kazi na mshahara wake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Basi tazameni tofauti. Siku aliyozaliwa haikumhusu mtu. Siku aliyoanza kazi ndiyo iliyoandikwa. Mtu alihesabiwa kwa ajili ya mikono yake.

Sasa jambo la ajabu ni hili. Vyumba vya ofisi hiyo, iliyotumikia serikali iliyopanga watu kwa rangi zao, leo vinatunza vitu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi na mkewe Sheila: sanaa, vitambaa, mapambo na mengine kutoka pande nyingi za Afrika. Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Baba yake alikuwa Mgoa, na mama yake alikuwa Mmaasai. Katika siku za ukoloni mtu wa namna hiyo angewekwa katika orodha ya nani? Ya Waasia, au ya Waafrika? Leo wageni wa mataifa yote huingia katika nyumba hiyo kutazama hazina aliyoiacha.

Na hapo ndipo tunapokumbuka Zaburi ya 87. Tafadhali isomeni nyumbani leo jioni, ni fupi. Mtunga zaburi anamwona Bwana mwenyewe akishika kalamu kama karani, akiandika orodha ya mataifa. Wamo watu wa Misri na Babeli, waliowatesa Israeli. Wamo Wafilisti na watu wa Tiro. Na wamo watu wa Kushi, ndugu zetu wa Afrika. Mungu anapofika kwenye jina la kila mmoja anaandika kwamba huyu naye amezaliwa Sayuni. Hakuna dirisha la Wazungu na dirisha la Waafrika. Hakuna kuulizwa bwana wako wa kazi ni nani. Mgeni anapewa cheti cha mwenyeji.

Mtu anaweza kusema, "Hayo ni mambo ya mbinguni, sisi taabu yetu ni ya duniani." Basi na tumtazame Bwana Yesu. Mwezi huu wa Desemba, mara tu baada ya Jamhuri, tutasoma tena Luka sura ya pili. Ni nini kilichompeleka Mariamu safarini hali ana mimba? Ni amri ya Kaisari Augusto ya kuandikisha watu. Naye Kaisari hakuwa na haja ya kujua shida ya fundi seremala wa Nazareti. Alitaka hesabu ya watu wake. Mwana wa Mungu alizaliwa katika safari ya kwenda kuandikishwa. Anajua maana ya kusimama mbele ya karani asiyekujali. Na alipokua, aliwaambia wanafunzi wake kwamba wasifurahie sana uwezo wao juu ya pepo, bali wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni.

Wapendwa, kama Mungu wetu ni Mungu anayeandika majina, sisi watu wake hatuwezi kuwa watu wanaoyapoteza. Katika mitaa yetu wako watoto wasio na cheti cha kuzaliwa. Mama alijifungulia nyumbani, au baba alitoweka, au nauli ilikosekana, miezi ikapita. Mtoto huyo anapofika shuleni, taabu inaanza; akifikia umri wa kitambulisho, taabu inaongezeka. Je, chama cha akina mama hakiwezi kuuliza mlango kwa mlango? Je, mzee wa kanisa hawezi kumsindikiza mama mmoja mpaka Huduma Centre ya Makadara, akae naye kwenye foleni? Hiyo nayo ni huduma ya Injili.

Tena wako wanaokufa bila kutajwa. Mara kwa mara serikali ya kaunti hutangaza miili iliyolala katika nyumba ya maiti bila kudaiwa na jamaa. Kila mmoja wao aliishi mahali. Alikuwa na mlango, na mlango wake ulitazamana na mlango wa mtu. Wengi wetu twaishi katika jengo moja na mtu miaka mitatu, tukamjua kwa jina la "yule wa ghorofa ya nne" tu. Tusiwalaumu wakoloni peke yao kwa kutojua majina.

Basi tunawaomba mfanye mambo mawili. La kwanza, katika sikukuu hizi wapelekeni watoto mjini, mwaonyeshe sanamu ya mchukuzi na nyumba ile ya mawe, mkawaambie habari ya babu zao ambao hakuna aliyewaandika. La pili, kabla ya mwezi huu kwisha, ulizeni jina la jirani mmoja msiyemjua, mliandike katika Biblia zenu, mmwombee kwa jina hilo.

Na wewe msikilizaji ambaye hujamkabidhi Kristo maisha yako, usingoje. Mbinguni hakuna kiingilio cha kulipa, wala huulizwi kabila. Mwenye kalamu yuko tayari, na mikono yake ina alama za misumari.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, unayewajua waliokufa njiani wakiwa na mizigo mabegani, wala hukusahau hata mmoja wao, twakushukuru kwa nchi yetu na uhuru wetu. Utufundishe kujuana. Uwakumbuke watoto wasio na cheti na wagonjwa wasio na jamaa, ukatutume sisi kwao. Nayo majina yetu uyahifadhi katika kitabu chako, kwa ajili ya Yesu Kristo Mwokozi wetu. Amina.