Kahawa ya Muyinga na Gitega: Droni Itazame Nini?

Septemba 2002, NASA na Chuo Kikuu cha Clark walirusha Pathfinder-Plus, ndege isiyo na rubani inayotumia nguvu za jua, juu ya shamba la kahawa la kisiwa cha Kauai, Hawaii, kubwa kuliko yote Marekani. Kwa kusoma rangi katika picha, wataalamu walikadiria wapi kahawa imeiva na wapi bado mbichi. Taarifa hiyo ilikuwa na mteja, kwa kuwa Kauai huvuna kwa mashine. Mashine ikipita hupukutisha mbivu na mbichi pamoja, hivyo mwenye shamba lazima ajue ianzie upande gani, na lini.

Huku kwetu Muyinga, Burundi, hatuna swali hilo. Mkulima wetu ana miti mia chache ya Bourbon, anachuma kwa mkono, na huurudia mti uleule mara kadhaa kati ya Machi na Julai, maana tawi moja hubeba kijani, njano na nyekundu kwa wakati mmoja. Tena matunda hujificha chini ya majani, na pengine juu yake kuna migomba. Droni itapiga picha ya majani. Kumpelekea mkulima huyo ramani ya kahawa iliyoiva ni kumwuzia habari ya shamba lake mwenyewe.

Mwenye shida ya taarifa ni msimamizi wa kiwanda cha kuoshea kahawa. Kahawa mbivu ikilala kwenye gunia huanza kuchacha, na ladha huharibika kabla haijamenywa. Anataka kujua mapema kilima gani kitashusha mzigo, na wiki ipi, ili apange vibarua, maji na meza za kuanikia. Kwa hiyo napendekeza droni irushwe wakati wa maua. Ua la kahawa ni jeupe, huonekana kwa urahisi kuliko tunda, na hunyauka baada ya siku chache. Tangu hapo hadi kuiva ni miezi saba hadi tisa, kutegemea mwinuko na mvua. Tarehe ya maua, kilima kwa kilima, ndiyo kalenda ya mavuno.

Tunda lenyewe tuliachie simu. Programu ya PlantVillage Nuru imeshaonyesha kwa mihogo kwamba simu janja ya kawaida hutambua ugonjwa kwenye jani bila intaneti. Vivyo hivyo, kahawa ikimwagwa mezani kiwandani kabla ya kupimwa, picha moja inaweza kutoa asilimia ya mbivu. Ila programu ifunzwe kwa picha za hapa, na watakaoiambia hili limeiva, hili bado, wawe wachumaji wenyewe, kwa malipo. Kasoro ya ladha ya kiazi kibichi, inayohusishwa na mdudu antestia, kamera haitaiona. Muonjaji abaki kazini.

Ombi langu kwa ODECA, ofisi ya serikali ya kuendeleza kahawa, ni kwamba majaribio yaanze na kiwanda kimoja Muyinga na kimoja Gitega, na mkulima apewe nakala ya picha ya kahawa yake pamoja na stakabadhi yake ya kilo. Bei ikibishaniwa, mkulima na kiwanda watakuwa na ushahidi uleule.