Mtoto Aliyeumia Katika Kuzaliwa



Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho, wako watoto wasioonekana uani wakicheza na wenzao. Waliumia wakati wa kuzaliwa, na jamaa zao wamewaficha chumbani. Majirani hunong'ona kwamba mama amerogwa, au kwamba ukoo wa baba una laana. Maneno hayo si kweli, tena yana hasara kubwa, maana mtoto hufichwa katika miezi ile ile ambayo angeweza kusaidiwa.

Majeraha hayo ni ya namna mbili hasa. Namna ya kwanza ni ya mkono. Mabega ya mtoto yakikwama katika kuzaliwa, mishipa ya fahamu itokayo shingoni huweza kuvutika, na mkono ukalegea. Watoto wengi hupona baada ya miezi michache. Lakini mtoto wa miezi 3 asiyeweza kukunja kiwiko yapasa apelekwe kwa daktari bingwa bila kukawia.

Namna ya pili ni ya ubongo. Mtoto akikosa hewa, sehemu ya ubongo huweza kufa, na viungo vikakakamaa au vikalegea. Hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo. Si kila mtindio hutokana na kuzaliwa. Mara nyingi asili yake ni tangu mimba, au ni ugonjwa uliompata mtoto baadaye. Mtoto wa miezi 4 asiyekaza shingo, au wa miezi 9 asiyeketi, apelekwe kliniki akapimwe.

Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, wala hakuna mganga wa kuirudisha. Hata hivyo mazoezi ya kila siku, yakianzwa mapema, huzuia viungo visikauke. Mtoto alishwe ameketi wima, chakula kisije kikamwingia mapafuni. Na dawa ya kifafa isikatizwe ghafula.

Tena yapasa kufikiri miaka ya mbele. Mtoto wa miezi 6 hubebwa mgongoni. Je, wa miaka 12 atabebwa na nani? Basi kitabu cha kliniki, karatasi za hospitali na cheti cha kuzaliwa zihifadhiwe pamoja. Mtoto aandikishwe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Afikapo umri wa shule, au hata kabla, apelekwe katika kituo cha kupimia watoto kwa ajili ya elimu; vituo hivyo vilianzishwa nchini Kenya mwaka 1984.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kazi hii isiwe ya mama peke yake. Baba, shangazi na nyanya wajifunze kumlisha, kumgeuza na kumpa dawa. Ndugu zake wasaidie, lakini wasitolewe shuleni. Na wazee wa jamaa wakubaliane mapema, kwa maandishi, nani atamtunza wazazi wakifa, na fungu lake la mali ni lipi.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baba amwachiaye mama mtoto huyu hudhani mzigo ni mwepesi. Na aubebe yeye siku moja tu, kutoka chumbani hadi kliniki na kurudi, ndipo ataujua uzito wake.