Jasusi wa Bonn na Mkalimani wa Kivu

Msikilizaji wa Mombasa, uwe Likoni unangoja feri, uwe Kisauni au Changamwe umeshafika kazini, leo nakuletea mtu aliyeshika kazi mbili zisizopatana: kutunza siri na kusimulia hadithi.

Jina lake la kuzaliwa ni David Cornwell. Wasomaji wanamjua kwa jina la John le Carré. Alizaliwa mwaka 1931 mjini Poole, kusini mwa Uingereza. Baba yake, Ronnie, alikuwa tapeli aliyewahi kufungwa kwa ulaghai. Mama alimwacha mtoto akiwa na miaka mitano. Kijana aliyelelewa hivyo hujua mapema kwamba maneno ya mtu na nia yake ni vitu viwili, na nadhani ujasusi wake ulianzia pale nyumbani, kabla serikali haijamwajiri.

Jeshini alipelekwa Austria kuwahoji watu waliotoroka nchi za kikomunisti. Alipokuwa mwanafunzi Oxford aliwachunguza wenzake wa mrengo wa kushoto na kupeleka habari zao kwa siri. Mwaka 1958 akaingia MI5, idara ya usalama wa ndani. Mwaka 1960 akahamia MI6, inayopeleleza nchi za nje. Akatumwa Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi wakati ule, ambako watu walimjua kama mwanabalozi tu. Riwaya zake alianza kuziandika akiwa bado kazini, na kwa kuwa maofisa hawakuruhusiwa kuchapisha kwa majina yao, akajitafutia hilo la le Carré.

Mombasa nayo ina sehemu yake katika historia ya kazi hii ya ujasusi. Aprili 1942 ndege za Japani ziliushambulia mji wa Colombo, kisiwani Ceylon (Sri Lanka ya leo), na manowari za Uingereza zikahamia bandari ya Kilindini. Pamoja nazo walikuja wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri, wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram, pale kisiwani kando ya bahari. Walinasa mawasiliano ya redio ya Wajapani, na mwaka huohuo wakalifumbua fumbo lililotumiwa na meli za biashara za Japani. Mwaka 1943 wakarudi Ceylon. Meli ziliingia mbele ya macho ya watu wa Likoni mchana kweupe, lakini ya shuleni yalibaki shuleni.

Turudi kwa le Carré. Mwaka 1963 alitoa The Spy Who Came in from the Cold, kitabu kilichompa umaarufu wa dunia nzima, na mwaka uliofuata akaacha ujasusi. Wengi wetu tumekua na Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba wa Tanzania, shujaa anayewashinda maadui wa Afrika. Jasusi wa le Carré hana ushindi wa namna hiyo. Anatumiwa na wakubwa wake bila kuambiwa ukweli, na anakufa kwenye ukuta wa Berlin. Mwandishi aliujua usaliti kwa karibu: Januari mwaka huohuo wa 1963, Kim Philby, aliyekuwa mkubwa katika MI6, alitorokea Moscow baada ya kuitumikia kwa siri kwa miaka mingi.

Vita Baridi vilipokwisha, wako waliodhani naye amekwisha. Hapo ndipo alipokuja kwetu. Mwaka 2001 alichapisha The Constant Gardener. Mke wa mwanabalozi wa Uingereza jijini Nairobi anauawa karibu na Ziwa Turkana kwa sababu amegundua kwamba kampuni inajaribu dawa ya kifua kikuu kwa Wakenya maskini na kuficha madhara yake. Kampuni na dawa ni za kubuni, lakini hasira ni ya kweli. Filamu yake ya mwaka 2005 ilipigwa Kibera na Loiyangalani, na waliotengeneza wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia wakazi wa huko.

Nakipenda kitabu hicho, ila nina neno nacho. Wakenya ndani yake wanaugua, wanakufa, wananyamazishwa. Anayeutafuta ukweli ni Mwingereza aliyefiwa na mkewe. Naamini le Carré mwenyewe aliliona pengo hilo, maana miaka mitano baadaye, katika The Mission Song, alimpa usukani mtoto wa Kivu. Huyo ni Salvo, mama yake Mkongo, baba yake padri kutoka Ireland. Ni mkalimani jijini London, anajua Kiswahili na lugha nyingine za mashariki ya Kongo. Anaitwa kutafsiri katika mkutano wa siri wa wababe wa vita na wafanyabiashara wenye uchu wa madini, na anasikia yale ambayo hakupaswa kuyasikia. Kwangu mimi hiki ndicho kitabu chake kinachotuheshimu zaidi, kwa kuwa siri za Afrika anazinasa Mwafrika, kwa sikio lake na lugha zake.

Le Carré alifariki tarehe 12 Desemba 2020, akiwa na miaka 89.

Msikilizaji, wako kati yenu mliokuwa makarani bandarini, wakalimani mahakamani, waendesha simu za upepo melini. Mmesikia mengi. Yale ambayo hayana tena wa kumdhuru, yaandikeni, au muiteni mjukuu awaandikie, na muanze jioni hii.