Mzio Mkali kwa Daktari wa Meno: Sema Mapema, Adrenalini Isichelewe



Wengi huenda kwa daktari wa meno wakiogopa sindano. Wachache hufikiria mzio, kwa kuwa mzio mkali ni nadra katika kliniki za meno. Lakini ukitokea, koo linaweza kufura na shinikizo la damu kushuka kwa dakika chache tu. Mambo mawili humwokoa mgonjwa: yale aliyosema kabla ya kutibiwa, na sindano ya adrenalini isiyocheleweshwa.

Vinavyoweza kuleta mzio huu ni vitu vya kawaida: dawa za jamii ya penisilini, glavu za mpira na klorheksidini, dawa ya kusukutua mdomo. Dawa ya ganzi hulaumiwa sana, ilhali mzio wake ni nadra. Anayeona kizunguzungu baada ya kudungwa mara nyingi huwa anazirai kwa hofu, na akilazwa huzinduka upesi. Mwenye mzio mkali huvimba midomo au ulimi, hutokwa na vipele vinavyowasha, na pumzi humbana.

Hapo matibabu ya meno husimamishwa. Mgonjwa hulazwa na kuinuliwa miguu; akishindwa kupumua huketishwa, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Mtu mzima hudungwa miligramu 0.5 za adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, hudungwa tena. Vidonge vya mzio havichukui nafasi ya adrenalini. Kisha apelekwe hospitalini hata akijihisi mzima, kwani dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Jukumu la mwananchi huanza mapema. Jino likiuma, wengi hununua amoksilini dukani. Dawa hiyo ni ya jamii ya penisilini. Aliyewahi kuvimba au kutokwa na vipele baada ya kuimeza amweleze daktari kabla ya kuketi kitini, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Mzazi amsemee mtoto wake. Jina la dawa liandikwe na kuwekwa pamoja na kitambulisho.

Tena, mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kliniki ina adrenalini ambayo muda wake haujaisha. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.