UIMARA WA PARAFUJO KATIKA PINGILI ZA JUU ZA SHINGO
(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Shingo ya mwanadamu ina pingili 7. Ya kwanza hukibeba kichwa. Ya pili ina mfupa uliosimama mfano wa jino, ambao ya kwanza huuzunguka. Takriban nusu ya uwezo wa kugeuza uso kulia na kushoto hutokana na kiungo hicho kimoja. Jino hilo likivunjika, au kano zake zikikatika, pingili huteleza. Na ugwe wa fahamu ukibanwa hapo, mtu aweza kupooza mwili mzima au kukata pumzi.

Kazi ya daktari wa upasuaji ni kuzifunga pingili hizo mpaka mfupa uunge. Mwaka 1939 Gallie wa Kanada alieleza njia ya waya pamoja na kipande cha mfupa. Waya huzuia shingo kuinama, lakini hauzuii vyema kuzunguka. Mfano wake ni boriti mbili zilizofungwa kamba mahali pamoja: hazitengani, ila hujipinda.

Mwaka 1987 Magerl wa Uswisi alitangaza njia ya parafujo mbili, kulia na kushoto, zipitazo katika pingili ya pili hadi ya kwanza. Katika maabara, pingili za maiti zimeinamishwa na kuzungushwa, na mwendo wake ukapimwa. Imebainika kuwa parafujo hizo huzuia mzunguko kuliko waya. Na zikiongezewa waya na mfupa kwa nyuma, uimara huzidi, kwani mzigo hushikwa mahali patatu.

Hata hivyo, kando ya pingili hizo hupita mshipa upelekao damu ubongoni. Kwa baadhi ya watu mshipa huo hukaa katika njia ya parafujo, na kuutoboa ni hatari kubwa. Hivyo basi, picha hupigwa kwanza. Njia nyingine, iliyoelezwa na Goel wa India mwaka 1994 na Harms wa Ujerumani mwaka 2001, hutia parafujo katika kila pingili peke yake, kisha huziunganisha kwa bamba au fito za chuma. Uimara wake hukaribiana na ule wa Magerl.

Inafaa ifahamike kuwa chuma hushikilia kwa muda tu. Kisipopata mfupa ulioungana, huchoka na kuvunjika. Aidha, mgonjwa hupoteza sehemu kubwa ya mgeuko wa shingo, nayo ndiyo thamani ya kuokoa uhai wake.

Lakini parafujo haimrudishii mtu ugwe uliokwisha kukatika. Kwa hiyo, aangukaye kutoka mkarafuu, mnazi au chombo cha barabarani asiinuliwe kwa mabega wala kukalishwa. Kichwa kishikwe sawa na kiwiliwili, alazwe juu ya ubao, ndipo apelekwe hospitali.